Kumkumbuka Merata Mita kwa filamu, hapa hapa Lamu

Mnaouliza tumuenzi vipi Merata Mita, yule mama mtengeneza filamu wa Kimaori, wenyeji asilia wa New Zealand, aliyefariki 2010, onyesheni filamu yake, hotuba zipunguzeni. Mi ningechukua Patu! ya 1983, inahusu maandamano ya kupinga ziara ya timu ya raga ya Afrika Kusini huko New Zealand enzi za ubaguzi wa rangi, wazee wetu wataielewa mara moja. Kwanza andikieni wenye haki muombe ruhusa, sio kudaunlodi kimagendo halafu eti mnamuenzi. Mkitaka pale uwanja wa Mkunguni mbele ya Ngome ya Lamu, kibali kitafuteni mapema.

Shuka jeupe lifungeni juu kwa kamba na chini mlitie mawe, maana kusi ikivuma linajaa kama tanga na sura za watu zinapinda zote. Anzeni baada ya Isha, watu washakula. Mmoja ashike maiki atafsiri papo hapo, na awe ameshaitazama filamu kabla, mtafsiri wa kubahatisha anaua shughuli nzima. Kahawa na halwa zije mwisho, hapo ndo vijana wanaoshuti na simu waonyeshe kazi zao, Merata mwenyewe aliwashika mkono sana chipukizi.