Kuchangia chembe sahani kwa mashine: jiandae hivi

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, na ni mchangiaji damu wa siku nyingi. Wenzangu sokoni huniuliza kuhusu ile mashine inayochukua chembe sahani tu na kukurudishia damu iliyobaki. Haya ndiyo ninayowaambia.

Chembe sahani ndizo zinazoziba kidonda damu isiendelee kutoka. Mtoto anayetibiwa saratani pale hospitali ya Bugando, dawa zikishazishusha, anaweza kutokwa damu puani au kwenye fizi bila hata kujikwaruza. Shida ni kwamba hazikai. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu wiki 5 au 6, na plazima, yale maji ya damu, ikigandishwa hufika mwaka. Chembe sahani hazitaki baridi: huwekwa kwenye nyuzi joto 20 hadi 24, zikitikiswa muda wote, na kwa kawaida zikipita siku 5 hazitumiki tena. Kwa hiyo hakuna kujaza ghala. Anayetakiwa ni mtu ambaye akipigiwa simu Jumatano, Alhamisi asubuhi ameshafika.

Mashine haipo kila hospitali, basi uliza kwanza kituo cha damu salama. Wakikwambia wanachukua damu nzima tu, toa hiyo hiyo. Mfuko wako wa mililita 450 unaweza kutenganishwa, ila chembe sahani zake ni chache. Huchanganywa za watu 4 hadi 6 ndipo zimtoshe mgonjwa mmoja mtu mzima. Mashine hupata kiasi hicho kwako peke yako, kwa mkao mmoja.

Uwe na miaka 18 au zaidi na kilo zisizopungua 50. Watapima wingi wa damu na kuhesabu chembe sahani zako. Zikiwa chini ya 150,000 kwa mikrolita, hutolewi siku hiyo. Kama umeugua malaria karibuni au unatumia dawa yoyote, sema. Usifiche, maana anayeongezewa ni mtu aliyekwisha kudhoofika.

Hapa ndipo wengi wa Mwaloni wanapokwama: dawa za maumivu. Kwa kubeba magunia, mgongo hauishi kuuma, na mtu anameza aspirini bila kuhesabu. Aspirini huzidhoofisha chembe sahani maisha yao yote, ambayo ni kama siku 7 hadi 10. Iache walau siku mbili kabla, na kituo kikitaka zaidi, wafuate wao. Diklofenaki, dawa nyingine ya maumivu, nayo itaje. Lakini kama aspirini uliandikiwa na daktari kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu ya kuchangia.

Chakula kula, ila chipsi na sangara wa kukaanga viache siku hiyo, kwa kuwa mafuta huichafua plazima. Ugali na dagaa wa kuchemsha, maziwa, maji ya kutosha. Dagaa na maziwa vina kalsiamu, na utaona umuhimu wake ukishakaa kwenye kiti.

Nenda haja kwanza, maana utakaa saa moja hadi mbili, pengine na ushee. Vifaa vyote vinavyoguswa na damu yako ni vipya na hutupwa baadaye. Damu inatoka, inazungushwa kwa kasi, chembe sahani zinaingia kwenye mfuko wake, rangi ya manjano iliyofifia, na nyingine inarudi mwilini. Inaporudi inakuja na dawa ya kuzuia kuganda, ambayo hushika kalsiamu yako. Midomo itaanza kuwasha na kufa ganzi kidogo, kisha ncha za vidole. Mwambie muuguzi hapo hapo; atapunguza mwendo wa mashine au akupe vidonge vya kalsiamu. Chukua na kanga au shuka, kwani damu inayorudi huwa imepoa na utasikia baridi hata kama nje jua la Mwanza linawaka.

Ukimaliza, kaa, kunywa kitu, usiondoke mbio. Mkono uliochomwa usibebe gunia siku hiyo.

Mwili hurudisha chembe hizo ndani ya siku chache. Msalaba Mwekundu wa Marekani huruhusu kurudia baada ya siku 7, hadi mara 24 kwa mwaka. Wewe fuata tarehe utakayopewa na kituo chako. Waachie namba inayopatikana, na ukiwa na safari ya Ukerewe kufuata mzigo, wajulishe mapema ili wamtafute mwingine.