Kufuatilia ukoo Tabora: kutoka kwa mzee hadi mahameni

Hatua ya 1: mzee. Nenda kwake kabla ya kugusa karatasi yoyote. Beba kilo 2 za sukari, majani ya chai na kaunta buku. Kila jina litakalotajwa lipe ukurasa wake na uandike nani kalitaja. Usimuulize mwaka wa kuzaliwa, atabahatisha. Muulize kwa matukio: siku ya Uhuru alikuwa na watoto wangapi? Baba yake alizaliwa kabla reli haijafika Tabora (1912), au baada ya Wabelgiji kuuteka mji (1916)? Akisema "babu", uliza kama ndiye aliyemzaa baba yake au ni ndugu wa babu. Hapa ndipo koo nyingi huchanganywa.

Hatua ya 2: majina. Usitafute jina moja linalorithiwa, maana zamani kila mtoto alipewa lake. Lakini majina ya Kinyamwezi yanasema mengi. Kulwa na Doto ni mapacha, Shija ni aliyewafuata. Ukikutana na Shija ambaye hakuna anayewakumbuka mapacha waliomtangulia, rudi ukaulize taratibu; huenda walifariki wachanga, na nao ni wa ukoo.

Hatua ya 3: parokia, kama ukoo ni wa Kikatoliki. Fika siku ya kazi ukiwa na kitambulisho, uombe kitabu cha ubatizo. Vya zamani viliandikwa Kilatini, na tahajia hubadilika, kwa hiyo Shija mtafute pia kwenye "Schija". Soma pembeni mwa ukurasa: huko huandikwa kipaimara na ndoa, mara nyingine na parokia alikofungia ndoa. Aliyebatizwa mtu mzima, mwaka wake wa kuzaliwa ni makisio tu. Kwa koo za Kiislamu, tegemeo ni wazee wa msikiti na karatasi za mirathi.

Mwanaume akipotea kwenye masimulizi ya miaka ya 1940 au 1950, ulizia umanamba, yaani kazi ya mkataba mashambani. Wengi walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, wengine wakaoa hukohuko.

Hatua ya 4: mahame, yaani makazi ya zamani yaliyoachwa. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 iliwahamisha watu, makaburi yakabaki. Nenda kati ya Juni na Septemba. Masika mbuga hazipitiki. Mwone kwanza mwenyekiti wa kitongoji, kisha ongozana na mtu aliyewahi kuishi pale. Tafuta miembe mikongwe na mawe ya kusagia. Hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, piga picha, na usihamishe jiwe lolote la kaburini.