Ulimi wa mara mbili na wa mara tatu kwa mpiga tarumbeta: anza na K

Hapa Tanga, msafara wa harusi ukitoka Makorora kwenda Raskazone, mwendo hauamuliwi na mpiga tarumbeta. Unaamuliwa na ngoma. Akina mama wakianza vigelegele, mpiga ngoma hupandisha kasi, na wewe uliye nyuma ya pikapu huna budi kumfuata. Miaka yangu ya mwanzo nilijua ulimi mmoja tu: tu-tu-tu-tu. Siku moja kwenye harusi ya Ngamiani, saa ya pili ya msafara, ulimi ulikufa ganzi katikati ya wimbo. Noti zikashikana kama uji. Nikashusha tarumbeta, mwenzangu wa tromboni akamalizia. Kesho yake nikaanza kujifunza haya ninayoyaandika.

Katika ulimi mmoja, ncha ya ulimi inagusa nyuma ya meno ya juu na kuachia pumzi, kila noti. Ncha ile ile inabeba kazi yote. Mimi, nikipiga noti nne katika kila pigo, hukwama karibu na mapigo 120 kwa dakika. Ulimi wa mara mbili unaigawa kazi: ncha inapiga T, sehemu ya nyuma inapiga K, na wakati mmoja anapiga mwingine anajiandaa. Ni kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja kwa michi miwili. Hakuna kati yao anayekimbia, lakini kinu hakipumziki. Kwa hiyo faida yake si kasi peke yake. Hata kwa mwendo wa kawaida, ulimi hauchoki mapema, na msafara wa saa tatu unahitaji ulimi usiochoka.

Hatua ya 1: Weka tarumbeta chini

Sema kwa kunong'ona: tu-ka-to-ka, tu-ka-te-ka. Tayari umepiga ulimi wa mara mbili, na lugha yako mwenyewe ndiyo iliyokufundisha. Nong'ona, usitoe sauti, maana ukitoa sauti koo linakaza. Weka kiganja mbele ya midomo usikie pumzi: ile ya K ilingane na ile ya T. Kwa karibu kila anayeanza, ya K ni dhaifu.

Sasa sema "kuku", kisha "kiki". Sikiliza ulimi unagusa wapi. Katika "ku" unagusa nyuma kabisa, karibu na koo. Katika "ki" unasogea mbele, chini ya kaakaa. Hiyo ya mbele ndiyo tunayoitaka, kwa sababu safari ya kutoka T hadi K inakuwa fupi. Sauti za juu zinapenda ti-ki. Ukishuka chini, fungua kidogo uwe ta-ka, ila K ibaki mbele.

Hatua ya 2: Pumzi kwanza

Puliza so ya katikati, ile isiyobonyeza vali yoyote, kwa mapigo manane mfululizo. Kisha ipulize tena kwa pumzi ile ile, safari hii ulimi ukiikata. Pumzi iwe kama maji ya bomba lililofunguliwa, na ulimi uwe kidole kinachopita ndani yake. Ukifunga bomba kila unapopiga K, noti zitatoka kavu na fupi. Kosa hili nimeliona kwa vijana wengi kuliko lingine lolote, na wengi hudhani tatizo ni ulimi.

Hatua ya 3: K peke yake

Hapa usiwe na haraka. Toa wiki mbili nzima.

Weka metronomu ya simu, ile programu inayogonga mapigo, kwenye 60 kwa dakika. Piga so hiyo hiyo kwa K tupu: ka-ka, ka-ka, noti mbili kwa pigo. Neno "kaka" linafaa kwa sababu uzito uko mwanzoni. Mwanzoni sauti itapasuka, itachelewa, mara nyingine haitatoka kabisa, maana sehemu hiyo ya ulimi haijawahi kuombwa kazi kama hii. Endelea dakika tano, pumzisha midomo dakika tano, rudia. Ukiona noti za K zinaanza safi kama za T, panda hadi 66, kisha 72. Usipande kabla.

Nyumba za Ngamiani zimebanana, na majirani wana haki yao. Unaweza kutumia kile kikombe cha kuwekea midomo peke yake, bila tarumbeta, au ukaenda ufukweni jioni.

Hatua ya 4: Ziunganishe

T-K-T-K, noti nne kwa pigo, kwenye 60. Kisha geuza: K-T-K-T. Kugeuza kunafichua uongo wote, kwa sababu K ikiwa mwanzoni mwa pigo haina pa kujificha. Jirekodi kwa simu, usikilize bila kushika tarumbeta. Ukiweza kutambua ipi ni K, bado.

Watu wengi hufanya ulimi wa mara mbili kwa kasi kubwa tu, na hapo huzaliwa pengo: ulimi mmoja unaishia 110, wa mara mbili unaanzia 140, na ngoma ikiwa 125 huna cha kupiga. Jizoeze wa mara mbili polepole mpaka ukutane na ule mmoja.

Kwa nyimbo laini, badili T na K kuwa D na G. Sema "daga, daga", kama unayeanza kutaja dagaa usimalize.

Hatua ya 5: Mara tatu

Kwetu pwani huu ndio wenye kazi zaidi. Chakacha inakwenda kwa tatutatu, na tarumbeta likitaka kuijibu ngoma yake linahitaji noti tatu zilizo sawa katika kila pigo. Kuna namna mbili: T-T-K, kama "tutoke", na T-K-T, kama "tikiti". Jean-Baptiste Arban, Mfaransa aliyefundisha koneti (ndugu mfupi wa tarumbeta) huko Paris na kuchapisha mwongozo wake mwaka 1864, alitumia T-T-K, na aliifundisha kabla ya ulimi wa mara mbili. Mimi naanza na mara mbili, kwa sababu mwanafunzi akishaiweza K, mara tatu humjia kwa siku chache.

Jihadhari na jambo moja. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: tu-TO-ke, ti-KI-ti. Katika muziki uzito uko kwenye noti ya kwanza ya pigo. Ukipiga kama unavyosema, chakacha itachechemea. Piga mguu chini kwenye silabi ya kwanza mpaka mdomo uzoee. Ila "tikiti" kwa mkazo wake wa kawaida usiitupe: inailazimisha K kubeba uzito, hivyo ni zoezi zuri la kuiimarisha.

Hatua ya 6: Vidole

Anza na do, so na do ya juu, zote bila vali. Kisha do-re-mi-fa-so, kila sauti mara nne, halafu mara mbili, mwisho mara moja. Hapo mwisho ndipo ulimi na vidole vinapokosana. Bonyeza vali hadi chini, kwa nguvu kuliko unavyodhani.

Hatua ya 7: Barabarani

Wimbo ukianza, tumia ulimi mmoja mpaka ngoma itulie kwenye mwendo wake, kisha ingia mara mbili. Pikapu ikikaribia shimo au tuta, ondoa tarumbeta mdomoni kabisa. Noti nne zilizokosekana hakuna atakayezikumbuka, lakini jino likivunjika harusi zote zinazofuata zitapigwa na mwingine.