Kumuuguza Simbilisi Mwenye Vidonda vya Nyayo

Simbilisi anapoletwa kwangu akiwa amejikunyata kwenye kona ya boksi, manyoya yamesimama na mguu mmoja ameuinua, jambo la kwanza ninalofanya ni kumgeuza taratibu nitazame nyayo zake. Katika nyumba nyingi za Iringa na Njombe simbilisi hufugwa jikoni, huku wakipita miguuni mwa watu, na kwa kuwa unyayo wake uko chini muda wote, mfugaji huweza kumlisha kwa miezi bila kujua kwamba anakanyagia kidonda.

Jike ambaye amenifundisha mengi kuhusu ugonjwa huu aliokolewa kutoka kwenye kizimba cha waya kilichoachwa nyuma ya nyumba baada ya mwenyewe kuhama. Alikuwa na gramu 540, uzito mdogo mno kwa simbilisi mzima, kucha zake za nyuma zilikuwa zimejikunja kama ndoana, na chini ya visigino vyote viwili palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa kunde, wenye kigaga cheusi kilichozungukwa na ngozi nyekundu isiyo na unyoya hata mmoja. Nilipougusa ule wa kulia alilia kwa sauti nyembamba, akavuta mguu.

Vidonda vya namna hii huanza pale ngozi ya unyayo inapochubuliwa na waya, saruji yenye mikwaruzo au matandiko yaliyolowa mkojo, kisha bakteria, mara nyingi wale waitwao stafilokokasi, wakapata mlango wa kuingilia. Uzito uliozidi na kucha ndefu huongeza tatizo kwa sababu hubadilisha namna mnyama anavyokanyaga. Kuna chanzo kingine ambacho wafugaji wengi hawakifikirii, nacho ni upungufu wa vitamini C: mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini hii, na akiikosa kwa wiki mbili au tatu ngozi hudhoofika, viungo huuma na kidonda hakifungi hata kikioshwa kila siku. Ndiyo maana nasema bila kusita kwamba tiba ya miguu huanzia sakafuni na kwenye chakula, na dawa hufuata.

Mtenge mgonjwa na wenzake kwa wiki mbili hadi tatu. Sehemu yake iwe na sakafu bapa, itandikwe magazeti, na juu yake nguo nene laini kama kipande cha blanketi, kisha nyasi kavu laini za kulia na kujifichia. Nguo hiyo ibadilishwe kila siku, na ikilowa sana ibadilishwe asubuhi na jioni, kwa sababu unyayo uliolowa hauponi. Maranda ya mbao yenye ncha na mabua makavu yasitumike, maana huchoma kidonda. Baridi ya Juni na Julai katika nyanda za juu kusini ni kali kwa mnyama aliyekonda, kwa hiyo mweke mbali na upepo, lakini asikae kwenye moshi wa kuni, kwani mapafu yake ni dhaifu.

Vidonda vioshwe mara moja au mbili kwa siku. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yawe vuguvugu, kisha mtumbukize miguu kwa dakika tano hadi kumi huku umemfunika taulo, mkono mmoja ukiwa umeshika kifua na mwingine umebeba makalio. Baada ya hapo kausha kwa kugusagusa bila kusugua, upake dawa ya ayodini ya vidonda iliyozimuliwa kwa maji mpaka iwe na rangi ya chai nyepesi. Usitumie spiriti, na usibandue kigaga wala kukamua uvimbe: usaha wa simbilisi ni mzito kama jibini, hautoki kwa kukamuliwa, na chini ya kigaga kuna mishipa inayovuja damu nyingi. Kidonda kilicho wazi kifunikwe kwa shashi safi na bandeji iliyolegea kiasi, ibadilishwe kila siku. Vidole vikivimba au vikipoa, bandeji imekaza, ifunguliwe mara moja.

Hapa naomba mfugaji asome kwa makini, maana nimeona wanyama wakifa kwa wema wa wenyewe. Usimpe simbilisi amoksilini, ampisilini wala penisilini zilizobaki nyumbani, wala usitumie oksitetrasaiklini ya kuku. Dawa hizi zinaweza kuua bakteria wema wanaomeng'enya nyasi tumboni mwake, wale wabaya wakaongezeka na kutoa sumu, na mnyama akaharisha na kufa ndani ya siku chache, huku mguu ukiwa karibu kupona. Uvimbe ukiwa na usaha, mpeleke kwa daktari wa mifugo na umweleze waziwazi kwamba ni simbilisi. Zipo dawa zinazomfaa zaidi, kama enrofloksasini au mchanganyiko wa trimethoprimu na salfa, lakini kipimo kitolewe na daktari kulingana na uzito. Dawa ya maumivu nayo aipange yeye, kwa sababu simbilisi anayeumwa huacha kula, na akikaa saa 24 bila kula utumbo wake huanza kusimama.

Akigoma kula, loweka chakula chake cha punje, kiponde kiwe uji, umlishe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo kupitia pembeni mwa mdomo, mara kadhaa kwa siku. Mgonjwa anahitaji vitamini C ya miligramu 30 hadi 50 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Robo ya kidonge cha miligramu 100 inamtosha mwenye gramu 700. Isitiwe kwenye maji ya kunywa, kwa kuwa huharibika upesi. Pilipili hoho mbichi na vipande vya pera humfaa, na matembele na sukumawiki ziongezwe juu ya nyasi, si badala ya nyasi. Majani ya viazi mviringo na ya parachichi yasimkaribie.

Mpime kwa mizani ya jikoni kila asubuhi na uandike. Yule jike hakuongezeka kitu kwa siku sita za mwanzo, kisha siku ya saba akapanda gramu 8, na nikajua kwamba tumbo limekubali kabla hata kidonda hakijaonyesha dalili ya kufunga. Mguu wa kushoto ulifunga katika wiki ya nne. Ule wa kulia ulichukua wiki tisa, na hapo alikuwa amefikia gramu 760. Iwapo baada ya wiki mbili uvimbe unaongezeka, au kifundo kimekuwa kigumu na mnyama hakanyagi kabisa, huenda bakteria wameingia kwenye mfupa, na picha ya eksirei ndiyo itakayosema kama bado kuna la kufanya au ni afadhali daktari ampumzishe milele.

Kucha zikatwe kidogo kidogo, kila baada ya wiki nne hadi sita, bila kugusa mshipa wa damu ulio ndani. Visigino vya jike huyo vimebaki na sugu nyororo isiyoota manyoya, na ngozi hiyo huchubuka upesi kuliko ya zamani, kwa hiyo nilipomrudisha kwa majike wenzake nililifunika kwanza banda zima kwa mbao bapa na nyasi nene, na kila Jumapili namgeuza nitazame nyayo.