Leo mboga ni nini? Namna ya kupanga sahani kamili kwa chakula cha Dodoma

Kazi yangu ni kufundisha lishe vijijini, zaidi Bahi na Chamwino. Swali ninaloanza nalo kila nyumba ni lile lile: "Jana usiku mlikula nini?" Jibu huja haraka: ugali na mboga. Nikiuliza mboga gani, mmoja anasema mlenda, wa pili maharage, wa tatu nyama ya mbuzi kwa sababu ilikuwa siku ya mnada. Wote watatu wametumia neno moja, mboga, kwa vitu ambavyo mwilini havifanyi kazi moja.

Hapo ndipo sahani zetu nyingi zinapopungukiwa. Chochote kinachosindikiza ugali tunakiita mboga, kikishapatikana kimoja tunaona chakula kimekamilika. Aliyekula ugali na nyama tupu hajala majani. Aliyekula ugali na mlenda mtupu hajapata kitoweo cha kujenga mwili. Mwongozo huu unaanzia hapo, na kila kitu nilichokitaja utakipata Majengo, Sabasaba au gulio la kijijini kwako.

Hatua ya 1: Uliza maswali mawili kabla ya kuwasha moto

Badala ya "leo mboga ni nini?", uliza: "Leo majani gani? Na kitoweo gani?"

Majani ni mchicha, matembele, majani ya kunde, majani ya maboga, mchunga, mlenda. Nyanya, karoti, bamia na biringanya ziweke humo humo. Kitoweo ni nyama, kuku, mayai, maziwa, dagaa, perege wa Mtera, na pia kunde, choroko, maharage, mbaazi, njugumawe na karanga. Wapo wanaohesabu makundi matano ya chakula, wapo wanaohesabu sita kwa kutenganisha jamii ya kunde na vyakula vya wanyama. Usisumbuke na hesabu hiyo. Ukijibu maswali mawili, ukawa na ugali au wali, ukaongeza tunda na mafuta kidogo, makundi yote umeyagusa.

Jibu la swali la pili lisikutishe mfuko. Kunde zikiliwa na ugali wa uwele au mtama hukamilishana: kile ambacho protini ya nafaka imepungukiwa, kunde zinacho. Kama nyama unaipata siku ya mnada tu, siku nyingine sita kunde na karanga zinatosha kushika nafasi hiyo. Kwa watoto na wajawazito jitahidi walau yai, maziwa au dagaa zipatikane mara kwa mara. Dagaa mzima, anayeliwa na mifupa yake, anakupa na madini ya chokaa.

Hatua ya 2: Pima kwa mkono wako

Mizani huna haja nayo. Mkono wa mtu hulingana na mwili wake, kwa hiyo mtoto apimiwe kwa mkono wake mwenyewe.

Ugali: ukubwa wa ngumi moja hadi mbili. Nyama au samaki: kiganja bila vidole, kama gramu 90. Kunde au maharage yaliyopikwa: konzi moja iliyojaa. Majani yaliyopikwa: konzi mbili. Tunda: ukubwa wa ngumi. Ukitazama sahani, majani na matunda yachukue nusu, ugali robo, kitoweo robo.

Najua ngumi moja ya ugali inasikika kama adhabu. Kwa anayekaa ofisini Mtumba tangu asubuhi hadi jioni, ngumi moja au moja na nusu inamtosha akishajaza majani na kunde. Anayelima kwa jembe la mkono mwezi Januari mwongezee hadi tatu, na kitoweo kiongezeke pia. Kumpimia mkulima kama karani ni kumwonea.

Unga wenyewe nao una maana. Dona, uwele na mtama usiokobolewa hubaki na ganda na kiini, humo ndimo zilimo nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Sembe jeupe limeviacha mashineni.

Hatua ya 3: Urekebishe mlenda, usiuache

Mlenda ni chakula chetu na sitamwambia mtu auache. Ila uutazame vizuri. Sufuria ya mlenda wa unga mkavu mara nyingi ni vijiko vichache vya majani ndani ya maji mengi. Tumbo linajaa ugali kwa sababu unateleza, majani yenyewe ni machache.

Fanya hivi. Ongeza majani mabichi ndani yake, ya kunde au ya maboga, mpaka uweze kuyaona kwenye upawa. Tia karanga zilizotwangwa, konzi ndogo kwa kila mlaji. Magadi punguza hadi chembe, kwa sababu huharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B. Majani machanga yanalainika hata bila magadi. Pika kwa muda mfupi.

Hatua ya 4: Pakua kabla sinia halijafika mkekani

Hatua hii ndiyo inayoniumiza moyo zaidi. Kula pamoja ni heshima yetu, lakini kwenye sinia moja mwenye mkono mkubwa na mwendo wa haraka ndiye anayemaliza kitoweo. Mtoto wa miaka mitatu hubaki na ugali na mchuzi. Nimepima watoto waliodumaa katika nyumba zenye mbuzi na kuku, nikakaa nao wakati wa chakula, nikaona kwa macho yangu.

Kila mtoto awe na bakuli lake. Anza kupakua kitoweo, kisha majani, ugali uwe wa mwisho. Mjamzito na anayenyonyesha wapakuliwe mapema vile vile. Wakishapata wao, kinachobaki kiende kwenye sinia na mle pamoja kama kawaida. Mtoto akitimiza miezi 6 aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya: milo 2 hadi 3 kwa siku mpaka miezi 8, kisha 3 hadi 4. Uji wake uwe mzito, usichuruzike kijikoni.

Hatua ya 5: Tunda kila siku, chai ingoje

Shirika la Afya Duniani linashauri mboga na matunda angalau gramu 400 kwa siku, viazi na mihogo bila kuhesabiwa. Zabibu zikiwa msimu wake, kula. Zikiisha, mibuyu ipo. Unga wa ubuyu una vitamini C, nayo humsaidia mlaji kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye kunde na majani. Koroga kijiko kwenye uji ulioanza kupoa. Zile mbegu za ubuyu zenye rangi na sukari ni pipi, usizihesabu kama tunda.

Chai ya rangi hufanya kinyume: huzuia chuma hicho. Inywe saa moja baada ya chakula.

Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku nzima, ikiwemo iliyomo kwenye vitafunwa. Mafuta ya alizeti tunayo mengi, na wingi huo hutufanya tumimine bila kupima. Pima kwa kijiko.

Hatua ya 6: Jiandae na kiangazi wakati mvua ipo

Mvua yetu ni ya msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Majani ya Septemba yanatafutwa Machi. Chuma majani machanga, osha, chovya kwenye maji yanayochemka dakika mbili tatu, chuja. Yatandaze kivulini penye upepo, juu ya wavu ulioinuliwa kutoka ardhini. Jua kali huharibu vitamini A. Yakivunjika mkononi, yafunge kwenye chombo kisichopitisha hewa wala mwanga.

Mahindi na karanga vikaushie kwenye turubai, usiweke kwenye udongo. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyotoka kwenye mahindi yenye ukungu. Sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Kabla ya kutwanga karanga za mlenda, zimwage kwenye ungo penye mwanga, uondoe moja moja zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Hizo zifukie, usiwape kuku, nao zinawadhuru.