Kutengeneza boroni nitridi kwa asidi ya boriki na urea

Boroni nitridi ni kauri nyeupe inayostahimili joto kali bila kupitisha umeme. Njia hii inafaa maabara ndogo yenye tanuri la bomba, yaani tanuri linalopasha moto bomba ambalo gesi hupita ndani yake. Usiijaribu jikoni: gesi zinazotoka ni sumu, na vumbi la asidi ya boriki lina madhara kwa uzazi.

1. Pima gramu 6.2 za asidi ya boriki na gramu 36 za urea, yaani moli 1 kwa 6. Urea ndiyo inayotoa nitrojeni. Ukiibania, sehemu ya boroni itabaki oksidi. Tumia urea ya maabara, si mbolea.

2. Yeyusha vyote katika mililita 100 za maji ya moto, kisha kausha kwa nyuzi 65 za Selsiasi mpaka zibaki fuwele nyeupe. Kuchanganya vikiwa vikavu hakutoshi.

3. Jaza kichombo cha alumina (kauri ya oksidi ya alumini) theluthi moja tu, kwa sababu mchanganyiko utafura. Kiingize kwenye bomba, pitisha nitrojeni nusu saa kabla ya kuwasha. Gesi inayotoka ipite kwanza kwenye chupa tupu, halafu kwenye chupa ya asidi hafifu inayonasa amonia. Chupa tupu ni ya lazima: asidi ikivutwa nyuma, itaishia humo badala ya kuingia kwenye bomba la moto.

4. Hapa ndipo kazi inapoharibika au kufaulu. Panda nyuzi 2 tu kwa dakika hadi 400. Urea huyeyuka kwenye 133, kisha huanza kuvunjika na kutoa amonia. Ukikimbiza moto, amonia itatoroka kabla ya kushikana na boroni, na oksidi iliyobaki itayeyuka karibu na nyuzi 450 na kuganda kama kioo kwenye kichombo. Usiondoke. Upande baridi wa bomba hujengeka ukoko mweupe unaoweza kuziba njia. Viputo kwenye chupa ya asidi vikipungua ghafla, zima tanuri mara moja, na usifungue bomba likiwa bado la moto.

5. Endelea hadi nyuzi 900, shikilia saa 5, acha lipoe ndani ya nitrojeni.

6. Osha unga kwa maji ya moto kuondoa oksidi, chuja, kausha. Kinadharia hupati zaidi ya gramu 2.5. Unga wa kijivu una kaboni. Urudishe kwenye tanuri la moto huku ukipitisha gesi ya amonia.

7. Unga huu bado matabaka yake hayajapangika vizuri. Ukitaka fuwele kamili, uchome tena juu ya nyuzi 1,500 katika nitrojeni. Pima kwa kifaa cha infraredi, kinachoonyesha mwanga usioonekana unaofyonzwa na unga: tafuta vilele vya ufyonzaji karibu na mawimbi 1,380 na 800 kwa sentimita. Kilele kipana karibu na 3,200 maana yake hukuosha au hukukausha vya kutosha. Rudia hatua ya 6.