Namna ya Kufuatilia Jinsi Marufuku ya Pombe Nchini Marekani Ilivyonenepesha Magenge na Rushwa

Mwalimu au mwanafunzi anayetaka kueleza yaliyotokea Marekani kati ya 1920 na 1933, pombe ilipopigwa marufuku nchi nzima, hushawishika kuanza na Al Capone, jambazi mashuhuri wa Chicago. Nashauri asianze naye. Ukianza na jambazi utaishia kusimulia ujambazi, na swali lenye uzito zaidi, yaani kwa nini polisi, mahakimu na wanasiasa walinunuliwa kwa wingi namna ile, litabaki bila jibu. Anza na sheria yenyewe.

Isome kwa jicho la mfanyabiashara. Marekebisho ya 18 ya Katiba, yaliyoanza kutumika tarehe 17 Januari 1920, yalikataza kutengeneza, kuuza na kusafirisha vileo, lakini hayakumkataza mtu kununua wala kunywa. Kwa hiyo mnywaji alibaki na kiu yake na fedha zake mfukoni, huku muuzaji halali akiondolewa sokoni. Sheria ya Volstead, iliyotungwa ili kutekeleza marekebisho hayo na kupitishwa Oktoba 1919 licha ya kura ya turufu ya Rais Woodrow Wilson, iliharamisha kinywaji chochote chenye kilevi cha kufikia nusu ya asilimia moja, kisha ikaacha milango kadhaa wazi: daktari aliruhusiwa kuandika wiski kuwa dawa, viongozi wa dini walipata divai ya ibada, na viwanda viliendelea kutumia spiriti. Iorodheshe milango hiyo katika daftari lako, na mbele ya kila mlango uandike ni nani aliyetia sahihi ili ufunguliwe, kwa maana sahihi hiyo ndiyo iliyogeuka bidhaa.

George Remus ni mfano mzuri wa kuanzia. Mtu huyu alikuwa mwanasheria aliyewahi kuwa mfamasia, na aliielewa sheria kuliko wengi waliopewa kazi ya kuisimamia. Alihamia mji wa Cincinnati, karibu na maghala yaliyohifadhi wiski ya kabla ya marufuku, akanunua viwanda vya wiski pamoja na kampuni za dawa, akaitoa wiski kwa vibali vya serikali kana kwamba inakwenda kwa wagonjwa, kisha watu wake wenyewe wakayateka malori yake njiani. Mwaka 1924 aliieleza kamati ya Seneti kwamba alikuwa akimlipa Jess Smith, rafiki wa karibu wa Mwanasheria Mkuu Harry Daugherty. Pima umbali uliopo kati ya karani wa vibali na ofisi hiyo kuu, nawe utaona jinsi fedha zilivyopanda ngazi.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote: fuata bidhaa, hasa bia. Chang'aa, iliyopigwa marufuku Kenya kwa sheria ya mwaka 1980 hadi ilipohalalishwa mwaka 2010, hubebwa ndani ya jerikani na kufichwa uvunguni. Bia ya Chicago haikuwa hivyo. Ilihitaji kiwanda chenye mitambo mikubwa, shehena za nafaka, mapipa mazito, malori na barabara, na harufu yake ilienea mtaani. Zaidi ya hayo, bia hafifu iliyoruhusiwa kisheria ilipatikana kwa kutengeneza kwanza bia kamili na kuiondolea kilevi baadaye, kwa hiyo katika kila kiwanda chenye kibali bia ya haramu ilikuwapo tayari, ikisubiri tu kutolewa kabla ya kupunguzwa nguvu. Biashara ya namna hiyo haiwezi kufichwa machoni pa askari wa zamu. Haina budi kumlipa, pamoja na mkuu wa kituo chake na diwani wa kata, kila wiki, na mlungula huo unahesabiwa miongoni mwa gharama za uzalishaji kama shayiri na petroli.

Ukishaelewa hilo, tukio la kiwanda cha bia cha Sieben, Mei 1924, litakuwa na maana. Dean O'Banion, mkuu wa genge moja la Chicago, alipata habari mapema kwamba kiwanda hicho kingevamiwa na polisi, akamuuzia sehemu yake Johnny Torrio, mkuu wa genge alilokuwamo Capone, na Torrio akakamatwa katika uvamizi huo. Habari za msako zilikuwa na bei. Novemba mwaka huohuo O'Banion aliuawa katika duka lake la maua. Aprili ya mwaka huo pia, watu wa Capone walikuwa wamewatisha wapiga kura kwa bunduki katika uchaguzi wa Cicero, mji ulio jirani na Chicago, kwani genge linalolipa viongozi kila wiki huona nafuu kuwachagua lenyewe.

Chunguza pia waliotumwa kuzuia haya. Serikali kuu ilianza na maofisa wapatao 1,500 kwa nchi nzima yenye mipaka mirefu ya nchi kavu na bahari. Mishahara yao ilikuwa duni, na hadi mwaka 1927 waliajiriwa kwa mapendekezo ya wanasiasa bila mtihani wa utumishi wa umma. Usiwahukumu kabla ya kutazama mazingira hayo.

Jihadhari na kutia chumvi. Magenge yalikuwapo kabla ya 1920. Jim Colosimo alikuwa ametajirika Chicago kwa madanguro. Unywaji nao ulipungua sana katika miaka ya mwanzo, na anayeficha jambo hilo hajitendei haki, kwa sababu hoja yake haihitaji kufichwa kwa lolote. Kilichobadilika ni ukubwa wa fedha na aina ya ushirika: vikundi vya mtaa vilijifunza kuendesha usafirishaji, maghala na hesabu kuvuka mipaka ya majimbo.

Kwa ushahidi, tegemea kumbukumbu za mahakama kuliko simulizi. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua katika kesi ya Sullivan kwamba kipato cha haramu nacho kinatozwa kodi, na kwa njia hiyo Capone alitiwa hatiani mwaka 1931 kwa kukwepa kodi ya mapato, akahukumiwa kifungo cha miaka 11. Hesabu zilizosomwa katika kesi ile zinaeleza biashara kuliko picha zote za wauaji.

Usiifunge kazi yako tarehe 5 Desemba 1933, Marekebisho ya 21 yalipoondoa marufuku. Wafuatilie watu walewale katika kamari, mikopo ya riba ya kuumiza na vyama vya wafanyakazi, ukitafuta ni maofisa gani waliendelea kupokea bahasha baada ya bia kurudi dukani.